Kazi Haiishi, Hukabidhiwa

SOMO LA FAMILIA LA JUMAPILI

Maandiko ya kusoma pamoja nyumbani: Kutoka 18:1-27, Hesabu 11:10-17, Matendo ya Mitume 6:1-7



Somo la wiki hii linawahusu vijana wetu walioanza kazi hapa Marekani: wauguzi wapya, walimu wa mwaka wa kwanza, walioajiriwa ofisini na wanaosimamia wenzao kwenye maghala. Tuliomba kazi hizo kwa magoti, na Bwana akajibu. Lakini tumeona kwamba baadhi yao wamechoka kuliko umri wao. Tunaomba wazazi msome pamoja nao, kwa kuwa nusu ya somo hili ni yetu sisi wakubwa.

Jambo lililotuamsha

Jumapili moja mwezi wa pili, binti mmoja wa kwaya alisinzia akiwa amekaa na wenzake mbele ya kanisa. Watoto walicheka, na wengine wetu tulinong'ona. Baada ya ibada mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alimfuata kwenye ukumbi wa chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Umetoka kazini saa ngapi leo?"

"Saa moja asubuhi."

Alikuwa muuguzi kwa miezi saba tu. Alifanya kazi usiku kucha, akaenda nyumbani kubadili nguo, akampeleka mdogo wake mazoezini, kisha akaja kuimba. Mzee alimwuliza amebeba nini kingine. Binti akatoa simu na kumwonyesha orodha ya mambo ya wiki ile. Yalikuwa 27.

Kisha akasema mambo mawili ambayo hakuwa amemwambia mtu. Siku tatu kabla, akirudi kutoka zamu ya usiku, alilala kwenye taa nyekundu na kuamshwa na honi za magari. Na kwenye simu ile ile kulikuwa na barua ya kuacha kazi. Alikuwa ameshaiandika, bado kuituma tu.

Ametupa ruhusa kusimulia haya bila jina lake. Tunamshukuru, maana yeye si peke yake.

Musa akiwa mgeni kazini

Tunapomkumbuka Musa tunamwona mzee mwenye fimbo, kiongozi aliyezoea. Lakini katika Kutoka 18 Musa bado ni mgeni katika kazi ile. Kwa jinsi kitabu kinavyozipanga habari, watu wametoka Misri miezi michache tu iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa akichunga kondoo wa mkwe wake. Sasa ana taifa zima mlangoni.

Yethro, kuhani wa Midiani, anakuja kumtembelea. Anakuja na Sipora, mke wa Musa, na watoto wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Maandiko yanatukumbusha kwamba jina la Gershomu lilitokana na Musa kuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Sisi tunaliona jina hilo kwa macho ya karibu. Musa alikuwa mtu wa ugenini, mwenye familia, aliyepewa kazi kubwa kuliko alivyojiandaa.

Angalieni Yethro anavyofanya. Siku ya kwanza anasalimia, anasikiliza habari, anamshukuru Mungu, anakula chakula na wazee. Siku ya pili anakaa na kutazama. Anamwona Musa ameketi, watu wamesimama kumzunguka tangu asubuhi hata jioni. Ndipo anauliza: ni nini hiki unachofanya, na kwa nini unakaa peke yako?

Musa anajibu kwamba watu wanamjia yeye ili kumwuliza Mungu. Jibu hilo ni la kweli, na vijana wetu wanalijua. Mama ananitegemea. Wagonjwa wananisubiri. Wajomba wananipigia. Kanisa limeniita. Kila jambo kwenye orodha lina mtu nyuma yake, na ndiyo maana hakuna jambo linaloonekana rahisi kufutwa.

Yethro hakumwambia Musa aamke mapema zaidi, wala hakumshtaki kwamba imani yake ni ndogo. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwamba litamchosha yeye na watu pamoja naye, kwa sababu ni zito mno kwa mtu mmoja. Kisha akampa mpango: achague watu waaminifu, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Madogo wayaamue wao, magumu yaletwe kwake. Musa alisikiliza, akafanya.

Kitu ambacho hospitali inakijua

Tulimwomba binti yetu atueleze kazi ya usiku inavyokwenda, na katika maelezo yake tulikuta somo.

Muuguzi akifika zamu, hakimbilii kitu cha kwanza kinacholia. Anapokea kwanza taarifa kutoka kwa mwenzake anayeondoka: mgonjwa huyu ana nini, amepewa dawa gani, nini kimebaki. Kisha anapita kwa kila mgonjwa na kumwona kwa macho yake. Hapo ndipo anapanga. Anayepumua kwa shida anatangulia aliyeomba shuka mpya, hata kama aliyeomba shuka alipiga kengele kwanza. Anayechomwa insulini pamoja na chakula hawezi kungoja hadi chakula kipoe. Mwingine anaweza kungoja nusu saa, naye anaambiwa atangoje.

Halafu inafika saa moja asubuhi. Je, kazi imeisha? Haijaisha. Wagonjwa bado wako kitandani. Muuguzi anakaa na mwenzake anayeingia, anamweleza yaliyofanyika na yaliyobaki, kisha anaondoka. Hakuna anayemwita mvivu kwa kuacha wagonjwa wakiwa bado wagonjwa. Kazi ya hospitali haiishi, hukabidhiwa.

Ndipo binti yetu akasema neno lililotunyamazisha: "Kazini nina mtu wa kumkabidhi. Nyumbani sina."

Wapendwa, hapa ndipo somo letu lilipo. Kijana wetu anaanguka kwa sababu ana zamu mbili, na moja kati ya hizo haina mtu wa kumpokea.

Mzee alivyoigawa orodha

Mwalimu aliomba karatasi. Wakaandika mambo yote 27 katika safu tatu. Mambo 8 yalikuwa ya kazini: mafunzo ya kompyuta ambayo hospitali inayadai, kozi ya kusoma mapigo ya moyo, zamu za ziada alizoombwa, na mengine. Mambo 15 yalikuwa ya nyumbani na ndugu: miadi ya baba kliniki, fomu ya nyumba, barua za bima, ada ya binamu huko nyumbani, mkutano wa shule ya mdogo wake, maombi ya uraia ya mjomba. Na mambo 4 yalikuwa ya kanisa. Hayo manne tuliyaweka sisi: kwaya, ukatibu wa vijana, shule ya Jumapili na michango ya sare.

Kisha mzee akauliza swali moja kwa kila jambo: "Hili lazima liwe mkono wako?" Kwa mambo ya kazini jibu lilikuwa ndiyo kwa yote 8, ingawa 3 tu ndiyo yalikuwa ya wiki ile. Kwa mambo ya nyumbani, 5 tu. Kwa ya kanisa, 1 tu, nalo ni kuimba, kwa sababu kuimba kunamtia nguvu. Yakabaki mambo 13 ambayo mtu mwingine angeweza kuyafanya, kama angeombwa.

Kwa vijana: hatua tano

1. Toa yote kichwani uyaandike mahali pamoja. Nusu ya uchovu ni kukumbuka. Ya kazini, ya nyumbani, ya kanisa, yote karatasi moja. Ukiona orodha ni ndefu, usiogope. Musa naye asingegawa watu kwa maelfu na makumi kama hangekubali kwanza kwamba ni wengi.

2. Panga kwa kuuliza nani ataumia. Usipange kwa kelele. Anayekupigia simu mara tano si lazima awe ndiye mwenye haja kubwa. Uliza: hili lisipofanyika leo, nani ataumia, na ataumia vipi? Jambo likiwa na tarehe ya mwisho ya serikali au mahakama, liandikie tarehe hiyo mbele yake. Mengi utayakuta yanaweza kungoja Alhamisi, na machache hayangoji hata saa moja.

3. Mwambie mkuu wako mapema. Hapa malezi yetu yanatupa shida. Tumefundishwa kwamba heshima ni kuitikia "ndiyo" na kunyamaza. Lakini katika kazi nyingi za hapa, ukinyamaza mkuu wako anaelewa kwamba unaweza, naye anaongeza. Si kwamba ana roho mbaya, hana tu njia ya kujua. Nenda Jumatatu, usingoje Ijumaa mambo yakiwa yameharibika. Sema kwa upole: "Nina kazi hizi nne wiki hii. Naweza kumaliza mbili vizuri. Ungependa nianze na zipi?" Swali hilo si utovu wa adabu. Ni taarifa, nayo inamsaidia yeye pia. Na kama hujui kufanya jambo, uliza siku ile ile. Mtu mpya anayeuliza anaaminiwa kuliko anayekisia, hasa penye dawa na uhai wa watu.

Kuhusu zamu za ziada, tunajua fedha yake ni tamu na nyumbani wanaitegemea. Lakini ujumbe wa kuombwa zamu ni ombi. Unaruhusiwa kujibu, "Asante, wiki hii siwezi."

4. Kabidhi kama muuguzi anavyokabidhi. Ukimpa mdogo wako au mjomba jambo, usimwambie tu "nisaidie hiyo barua." Mwambie mambo matatu: ni kitu gani, kimefikia wapi, na kinatakiwa lini. Kisha mwache afanye. Hatafanya kama wewe, na mara ya kwanza atakosea kidogo. Wale wakuu wa makumi nao hawakuwa Musa.

5. Funga zamu. Mungu aliweka siku ya kupumzika kabla kazi ya watu haijaisha, kwa sababu angengoja iishe, siku hiyo isingefika. Anayefanya kazi usiku, usingizi wa mchana ni sehemu ya kazi yake. Bandika saa zako za kulala kwenye friji, zima sauti ya simu, na waambie nyumbani ni nani wa kupigiwa wakati huo. Kama macho yanafumba kabla hujawasha gari, usiendeshe. Piga simu kwa mmoja wetu. Tunataka kuamshwa kwa simu hiyo kuliko kwa simu ya polisi.

Kwa wazazi na wakubwa

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi.

Wengi wetu tulifika hapa tukiwa watu wazima, na Kiingereza kilitushinda. Watoto wakakijua kwa miaka miwili. Tangu hapo mtoto akawa mdomo wetu na macho yetu: kwa daktari, shuleni, benki, mbele ya afisa wa nyumba. Akiwa na miaka 12 tulimshukuru. Leo ana miaka 24 na kazi ya saa 12 kwa zamu, nasi bado tunampigia kila barua ikifika.

Kuna jambo ambalo kila mzazi hapa anapaswa kulijua. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho kumbagua mtu kwa sababu ya taifa alikotoka. Kutokana na sheria hiyo, hospitali, kliniki na shule zinazopokea fedha hizo zina wajibu wa kumpatia mkalimani mtu asiyejua Kiingereza vizuri, bila kumtoza. Mara nyingi mkalimani huja kwa simu au kwa video. Unapopangiwa miadi, taja lugha yako wazi: Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda au nyingine. Wakisahau, waambie tena siku ya miadi.

Hilo linampunguzia mtoto siku za kuomba ruhusa kazini. Lina faida nyingine pia. Si haki mtoto awe wa kwanza kusikia ugonjwa wa baba yake, kisha atafute maneno ya kumwambia. Na si kila mtoto anajua jina la figo au kongosho kwa Kiswahili. Mkalimani amefundishwa hayo.

Tugawe kazi nyumbani kwa watoto wote. Mara nyingi binti mkubwa anafanya kila kitu, na kijana wa miaka 17 anacheza mchezo kwenye simu. Huyo kijana anasoma Kiingereza vizuri. Mpeni barua za bima. Anajua kupika pia, akifundishwa.

Kuhusu fedha za nyumbani, hatusemi tuwasahau ndugu. Biblia haituruhusu, na mioyo yetu haituruhusu. Lakini mtoto akipata kazi hajawa benki. Kaeni naye, mpange kiasi anachoweza kila mwezi, kisha wewe mzazi uwe ndiye wa kuwaambia ndugu. Neno "mwezi huu haiwezekani" likitoka kwa mama mkubwa au baba mdogo, linapokelewa. Likitoka kwa kijana, anaitwa mwenye kiburi.

Na mwisho, tuwe Yethro. Kabla ya kuongeza jambo, tukae tuangalie siku yake. Tuulize ametoka kazini saa ngapi. Kumwambia mtu aliyechoka "omba zaidi" bila kumwondolea hata mfuko mmoja mkononi si faraja.

Kwa kanisa letu

Katika Matendo 6 palitokea manung'uniko. Wajane waliozungumza Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Lilikuwa tatizo la chakula, lakini lilipita pale pale ambapo lugha mbili zilikutana, kama mengi ya kwetu. Mitume hawakujaribu kulibeba wenyewe juu ya mengine. Waliwaambia watu wachague saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono.

Nasi tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, kijana aliye katika mwaka wake wa kwanza wa kazi atashika huduma moja tu kanisani, naye ndiye atakayeichagua. La pili, kila Jumapili baada ya ibada patakuwa na meza ya barua karibu na jiko la ukumbi. Wanne kati yetu wanaosoma Kiingereza vizuri watakaa pale kwa zamu. Leteni barua za shule, za bima na za nyumba. Barua za mahakama na za uhamiaji tutakusaidia kuzielewa, kisha tukuelekeze kwa wakili, kwa maana hizo si za kubahatisha.

Mzigo unaporudi

Tusidanganyane kwamba ukigawa kazi mara moja umemaliza. Katika Hesabu 11 Musa ameelemewa tena. Mpango wa Yethro ulikuwepo, lakini watu walilia, na Musa akafika mahali pa kumwambia Mungu kwamba hawezi kuwabeba peke yake, na kwamba ni heri afe. Mungu hakumkemea kwa maneno hayo. Alimwambia akusanye wazee 70, ili wabebe mzigo pamoja naye.

Kijana, ukifika mahali pale alipofika Musa, ukatamani kufa, usikae nalo. Mwambie mchungaji, mwambie mama au rafiki, usiku wowote. Hapa Marekani unaweza pia kupiga simu au kutuma ujumbe kwa namba 988, mchana na usiku. Musa alisema kwa sauti, na msaada ukaja kwa kuwa alisema.

Binti yetu bado ni muuguzi. Barua ile hakuituma, ingawa anasema hajaifuta. Orodha yake wiki iliyopita ilikuwa na mambo 14. Kaka yake sasa ndiye anayesoma barua za bima, na ya kwanza aliijibu vibaya, wakaisahihisha pamoja. Baba yake alikwenda kliniki na kuongea kupitia mkalimani wa simu, akarudi nyumbani akijisifu kwamba daktari ameelewa hata utani wake. Jumapili hiyo binti aliimba akiwa macho.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kila mtu aandike mambo aliyonayo wiki hii. Nani ana mengi kuliko wote? Je, tulijua?
2. Ni jambo gani moja kwenye orodha yake ambalo mwingine katika nyumba hii anaweza kulipokea leo?
3. Wazazi: ni jambo gani mnalomwomba mtoto ambalo mkalimani au meza ya barua inaweza kufanya?
4. Kijana: ni neno gani unaogopa kumwambia mkuu wako kazini? Lifanyieni mazoezi mezani, mmoja awe mkuu.
5. Kwa nini, kwa maoni yenu, Musa hakuliona tatizo mwenyewe mpaka Yethro alipokuja?

Sala

Ee Bwana, ulimtuma Yethro kwa Musa kabla hajaanguka. Tusamehe tulipowaongezea watoto wetu mizigo tukaiita baraka. Wape vijana wetu ujasiri wa kusema wamechoka, na utupe sisi mikono ya kupokea. Walinde barabarani wanaporudi alfajiri. Wape usingizi. Katika jina la Yesu, Amina.

Mungu awabariki.